Resho haichemshi: tulipima waya wa avenyu yetu Kikula

Kuanzia magharibi mpaka watu walale, upande wa nyuma wa avenyu yetu hapa Kikula umeme unakuwa dhaifu. Taa zinageuka nyekundu, friji inalia bila kuanza, maharagwe yanakaa juu ya resho mpaka watoto wanasinzia. Mama mmoja jirani alisema vizuri kuliko mimi: « Iko inapasha chungu, haichemshe mayi. » Kisha anawasha makala, na bei ya gunia la makala kila mtu hapa Likasi anaijua.

Watu wana maelezo yao. Hawa wanasema kabine imechoka, wale wanasema kuna jirani anayevuta umeme wote. Maneno yalipozidi tuliazima vyombo viwili kwa fundi: kimoja cha kusoma volti, kingine cha kubana waya na kusoma ampea bila kuukata. Tukapima wakati wa mapishi.

Kwenye nguzo tulikuta volti 205. Kwenye parseli tano za mwisho, mita 130 kutoka nguzo, volti 152. Katika waya mmoja unaozilisha hizo parseli zote tano, ampea 24.

Waliosoma fizikia watakumbuka kanuni ya Georg Ohm, mwalimu Mjerumani aliyeichapisha mwaka 1827. Ukigawanya volti kwa ampea unapata ukinzani, yaani kadiri waya au chombo kinavyouzuia umeme, na kipimo chake ni omu. Ukizidisha volti kwa ampea unapata nguvu, kwa wati. Hesabu za darasa la sita zinatosha.

Tuanze na resho. Chini yake imeandikwa volti 220, wati 1000. Gawanya 1000 kwa 220: ampea 4,55. Gawanya 220 kwa 4,55: omu 48,4. Hizo omu ni za resho yenyewe. Zinabadilika kidogo kwa joto, lakini kidogo tu. Sasa ipe volti 152. Ampea zinakuwa 3,14, na 152 mara 3,14 ni wati 477. Volti zimepungua chini ya theluthi, lakini nguvu imepungua zaidi ya nusu, kwa sababu volti zikishuka ampea nazo zinashuka, na nguvu ni hizo mbili kuzidishana. Kwa hiyo yule mama hana resho mbovu. Ana nusu ya resho.

Na zile volti nyingine zimeenda wapi? 205 kutoa 152 ni 53. Hizo 53 zimebaki njiani. Gawanya kwa ampea 24: waya wetu una omu 2,2. Zidisha 53 kwa 24: wati 1272. Nilirudia hesabu mara tatu, sikuamini. Resho nzima, na zaidi, inawaka kila jioni hewani juu ya paa zetu bila kupika kitu.

Waya wenyewe ni wa shaba, milimita za mraba 2,5. Mita moja ya waya kama huo ina omu 0,007. Kwenda na kurudi ni mita 260, yaani omu 1,82. Zinabaki karibu 0,38, na hizo ziko kwenye viungo, pale watu waliposokota nyaya kwa mkono na kuzifunga na skochi. Ampea 24 zikipita pale zinatoa wati karibu 219 za joto. Fundi alipanda na kukuta skochi imeyeyuka katika viungo viwili, kimoja kikiwa karibu kabisa na mbao za paa. Hapo mazungumzo ya maharagwe yakanyamaza kidogo.

Jambo lililoleta ubishi ni regulateri. Parseli moja imenunua, na wengine wanataka kuiga. Ni kweli, kwa mwenye nayo volti zinapanda mpaka 220 na resho inatoa wati zake 1000. Lakini regulateri haizai umeme. Ili itoe wati 1000 kutoka volti 152 lazima ivute ampea 6,6, mahali ambapo resho peke yake ingevuta 3,14. Ampea hizo zaidi zinapita katika waya uleule, na jirani anashuka tena. Tukinunua wote watano tutazidi kushushana. Simlaumu aliyenunua, ana watoto wa kulisha, ila hesabu ndiyo hiyo.

Waya wa milimita za mraba 10 una ukinzani mara nne chini: karibu omu 0,46 kwa umbali uleule. Ikiwa nguzo itabaki na 205, parseli za mwisho zitapata volti 191 hivi, na resho itatoa wati zaidi ya 750. Wakubwa wanajua sababu hii: laini ya Inga hadi Kolwezi, kilomita karibu 1700, iliyomalizika mwaka 1982, inasafirisha umeme kwa volti 500 000 ili ampea ziwe chache na joto la njiani lipungue. Wazee waliofanya kazi kwenye elektrolizi ya Shituru nao wameona mambo kinyume: kila beseni linahitaji volti 2 hivi, lakini ampea ni maelfu, ndiyo maana umeme unaletwa na mapande manene ya shaba. Shaba inatoka hapa kwetu, na sisi tunapikia kwa uzi.

Viungo vimeshafungwa upya na domino. Tulipopima tena kwa mzigo uleule, mwisho wa waya palikuwa na volti 159. Mtu mmoja aliuliza kama volti 7 ni kitu. Kwenye resho ni wati 45, na paa haliko tena hatarini. Waya mnene bado. Parseli tatu zimekubali kuchanga, ya nne inangoja mshahara, na yenye regulateri inasema yenyewe haina shida.