Ufa Ulioandikwa Tarehe

Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, Alhamisi ya tarehe 17 Januari 2002, lava ilishuka hadi Goma, nchini Kongo, ikaupasua mji katikati na kuingia Ziwa Kivu. Sisi wa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka upande wa Rwanda, tuliyapokea maafa hayo kama wenyeji: mpaka ulifurika watu wenye magodoro vichwani, na ua wetu wa Majengo ukalaza familia tusizozijua. Moto haukutufikia. Kilichotufikia ni matetemeko, yaliyoendelea usiku na mchana huku ardhi iliyofunguka ikijitafutia utulivu.

Nyumba ya mama ilikuwa ya rukarakara, matofali mabichi ya udongo. Ukuta wa upande wa ziwa ulipasuka mshazari, kutoka pembe ya dirisha hadi chini ya bati. Mama alikuwa akiuza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, na wateja wake wengi wa Goma walikuwa wameunguliwa maduka. Hata hivyo alimwita fundi, mzee wa mtaani, akamwambia atakopa saruji auzibe ufa.

“Mama, ukuta huu bado unatembea,” akajibu. “Ukiuziba leo, utanilipa tena kabla mvua za Aprili hazijaisha.”

Akapaka lipu nyembamba ya saruji kukatiza ufa, akaandika tarehe juu yake kwa ncha ya msumari. Ikivunjika, ardhi haijamaliza. Ikikaa nzima msimu wote wa mvua, aitwe.

Ilivunjika. Akapaka nyingine. Oktoba mwaka uleule, tetemeko la Kalehe, upande wa pili wa ziwa, likaipasua na hiyo.

Basi tukaishi na viraka. Nguzo za mkaratusi ziliegemezwa chini ya boriti ili paa lisiulemee ukuta, na kila nguzo ikawekewa jiwe bapa la volkano chini yake isizame. Nje ilipigiliwa shitingi, turubai la plastiki ambalo Gisenyi ililizoea tangu miaka ya wakimbizi. Chini ya kila msumari fundi aliweka kifuniko cha chupa, upepo usije ukaichana shitingi. Mji wenye kiwanda cha bia cha Bralirwa haukosi vifuniko. Ufa wenyewe ulijazwa udongo uliokandwa na majani makavu. Sharti la fundi lilikuwa moja: kila cha muda kiwe rahisi kuondoa.

Haikuwa raha. Wageni wa harusi walipokuja, mama alizivika nguzo kanga, nao wakajifanya hawazioni. Majirani kadhaa walipaka lipu nzito juu ya nyufa zao na kupiga chokaa, nyumba zikapendeza kuliko yetu. Lakini hawakuwa tena na namna ya kujua kuta zao zilikuwa zikifanya nini chini ya weupe ule.

Pesa za ukuta mpya zilitoka kwenye tontini, mchango wa zamu, ya wauza sambaza. Kila zamu ya mama ilipofika, fundi alimpangia cha kununua: kwanza mawe na mchanga, kisha nondo, saruji mwisho kabisa. Saruji ilisafiri kutoka Bugarama, kwenye kiwanda cha CIMERWA, kusini kabisa mwa ziwa, na mfuko ukilala muda mrefu kwenye unyevu wa Kivu hugeuka jiwe.

Mwaka 2005, lipu nyingine yenye tarehe ilikuwa imevuka masika ikiwa nzima. Ukuta ukabomolewa, ukajengwa upya juu ya msingi wa mawe, na mkanda wa zege ukaizunguka nyumba yote juu ya madirisha. Ndipo nilipoelewa kwamba miaka ile mama hakuwa akingoja pesa tu. Angezipata mapema, zingezama katika ukuta ambao haujatulia.

Nyiragongo ililipuka tena tarehe 22 Mei 2021, na matetemeko yakapasua nyumba na barabara Rubavu, wilaya yetu. Mkanda ulishika, lipu tu ndiyo iliyochanika. Wajukuu wakataka kukimbilia saruji dukani. Mama akawaambia wapake lipu nyembamba, waandike tarehe, na pesa ya saruji waipeleke kwenye tontini.