Nani alilisha watoto wa Makhan Singh?

Juma lililopita wenzetu wanaobeba matofali kwenye shantie moja hapa Bunia walirudi nyumbani saa nne asubuhi, mikono mitupu. Walikuwa wameomba waongezewe franka kidogo kwa siku. Kapita hakubishana nao. Aliita wamama waliokimbia vita, wanaoishi kwenye site, nao wakakubali kazi kwa bei ya chini kuliko ile ya zamani.

Jioni maneno yalikuwa makali. "Hao ndio wanatuharibia kazi," wengi walisema. Sisi tunaoshika chaki, tuliosoma ualimu mpaka diploma, hatukusema kitu, na kunyamaza kwetu kulionekana kama kukubali. Tulilala vibaya. Kesho yake tukarudi kwa wenzetu na habari ya mtu wa Nairobi.

Makhan Singh alizaliwa Punjab, India, mwaka 1913, akafika Kenya mwaka 1927 akiwa kijana. Kazi ya jamaa yake ilikuwa kuchapisha, lakini mwaka 1935 akawa katibu wa chama cha wafanyakazi Wahindi, ambamo mafundi walikuwa wengi. Mwaka uleule chama kikabadilishwa jina, na mlango ukafunguliwa kwa kila mfanyakazi, bila kuuliza rangi, dini wala kabila. Fikirini ilikuwa lini: koloni ya Waingereza, ambamo shule na mshahara vilipangwa kwa rangi ya mtu.

Mwaka 1937 mafundi wa nyumba wa Nairobi, waashi na maseremala, waligoma siku 62. Ni miezi miwili mama anaenda sokoni bila kitu mkononi. (Sisi walimu tumekwisha kugoma, tunajua juma la pili linavyokuwa.) Waliposhinda, mishahara ilipanda.

Baadaye akasimama pamoja na Fred Kubai kuongoza shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililoanzishwa mwaka 1949: Mwafrika mwenyekiti, Mhindi katibu. Aprili 1950, kwenye mkutano wa hadhara huko Kaloleni, Nairobi, alidai Afrika Mashariki ipate uhuru mara moja. Mwezi uliofuata serikali ikamkamata. Alizuiliwa mbali, kaskazini mwa nchi, na hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961. Kenya ilipopata uhuru hakupewa cheo kikubwa. Aliandika historia ya vyama vya wafanyakazi, ikatoka mwaka 1969, akafariki mwaka 1973.

Tulidhani tumemaliza. Ndipo mama mmoja mwenye watoto sita akauliza: "Miaka kumi na moja! Na watoto wake, nani aliwalisha?"

Swali hilo lilitushika. Mke wake aliitwa Satwant Kaur. Katika yale tuliyosoma, anapita haraka sana, kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba tu. Lakini mtoto hangoji baba aachiliwe ndipo ashikwe na njaa au aombe kalamu ya shule. Sisi tunaona vigumu kumsifu bwana bila kumtaja mama huyo, na tuliwaambia wenzetu hivyo.

Kutoka hapo mazungumzo yakageuka. Kumbe sababu ya kukosa mtu wa kwenda kusema na kapita haikuwa woga. Atakayesema atafukuzwa wa kwanza, na jioni chungu chake kitakuwa kitupu. Basi imependekezwa kwamba kila mmoja atoe kidogo kwenye likelemba, kiwekwe kando kwa ajili ya nyumba ya yule atakayetumwa. Pendekezo la pili ni gumu zaidi: twende wenyewe kwenye site, tukae na wale wamama, tupatane bei moja ya siku, na anayetaka aingie katika chama chetu.

Mama mmoja alitoka nje aliposikia hilo. Ndugu yake aliuawa katika vita hivi, na anasema kati ya wale wa site anasikia lugha ya waliomuua. Hatukumfuata na hotuba. Dada mmoja alimpelekea chai.

Tunakutana Jumamosi saa tisa. Yeye pia ameahidi kuja, ila amesema hatakwenda site, na hatakaa nao benchi moja.