Boriti za Kwetu katika Dari ya Ugenini

Kijana wetu aliyetupokea Dubai, mtoto wa dada yetu afanyaye kazi huko, alikuwa ameipanga siku yetu ya kwanza yote iwe ya maduka na minara. Tukamwomba radhi. Tulikuwa tumetoka Mombasa na swali moja, na jibu lake halikuwa dukani: wazee wa nchi yenye jua la kuunguza namna ile, kabla umeme haujaingia, waliwasomesha vipi watoto wao? Akacheka kidogo, kisha akatupeleka Al Fahidi, mtaa wa zamani ulio kando ya hori, ambao wenyeji wengi bado huuita Bastakia.

Ilikuwa saa nne ya asubuhi, mwezi wa Mei, na lami ya barabara kuu ilikwisha kuanza kumeremeta kwa joto. Tulipopinda kona ya kwanza ya mtaa, kuta mbili zikakaribiana hata mtu angaliweza kuzigusa zote kwa mikono iliyonyooshwa, na jua likabaki juu, halikushuka nasi. Tukatazamana. Hapakuwa na haja ya kusema neno, maana sote tumekulia katika vichochoro vya Mji wa Kale, na wawili wetu wana bibi zao Lamu, Mkomani.

Juu ya mapaa yamesimama barjili. Ni minara ya mraba, iliyo wazi juu kwa pande zote nne, na ndani imegawanywa kwa kuta mbili zinazopishana katikati. Upepo uje na upande wowote uujiao, hunaswa na kusukumwa chini hadi chumbani, na hewa ya moto hupata njia ya kutokea kwa upande wa pili. Wafanyabiashara waliotoka Bastak, huko Uajemi, ndio walioujenga mtaa huu mwishoni mwa karne ya 19 na kuupa jina la mji wao. Tulisimama chini ya barjili moja tukiwa hatuna imani nayo sana. Punde mabuibui yetu yakaanza kupepea.

Hapo ndipo mmoja wetu alipoinua macho akaona dari. Miti myembamba, myeusi kwa umri, imelazwa sambamba kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake majamvi ya makuti ya mtende. Mzee wa Kiarabu aliyekuwa ameketi mlangoni akatuona tunavyoshangaa. Akatuuliza tumetoka wapi, tukamwambia. Akanyoosha kidole juu, akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Chandali. Sawahil. Zenu hizo."

Zetu kweli. Hizo ni boriti za mikoko, zilizokatwa katika ghuba na visiwa vya Lamu na katika delta ya Rufiji, zikapakiwa majahazini na kuvuka bahari kwa upepo wa kusi. Ghuba yote ya Uajemi ilikuwa haina miti ya kujengea, na sisi tulikuwa na mikoko. Jahazi lilikuja kwa kaskazi na tende, chumvi na mazulia, likarudi na boriti. Biashara hiyo iliendelea karne nyingi, na kwa upande wa Kenya ikafungwa mwaka 1982, serikali ilipopiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi. Kwa kuwa boriti ya mkoko haiwezi kubeba dari pana, chumba cha Dubai hakikuzidi sana mita 3 kwa upana, na chumba cha Lamu vivyo hivyo. Mti mmoja ndio uliopima nyumba za pwani mbili. Bibi zetu walilala chini ya dari hiyohiyo, na hatukuwahi kujua kuwa ng'ambo ya bahari kulikuwa na bibi za watu wengine wakiihesabu miti ileile usiku wakikosa usingizi.

Jioni tukavuka hori kwa abra, chombo kidogo cha abiria, hadi Deira, kwenda kuitazama Madrasa ya Al Ahmadiya. Hiyo ndiyo skuli ya kwanza rasmi ya Dubai, iliyoanzishwa mwaka 1912 na mfanyabiashara wa lulu, Sheikh Ahmad bin Dalmuk. Wanafunzi walihamia jengo kubwa zaidi mwaka 1963, na skuli ya kale ikaja kutengenezwa na kufanywa makumbusho ya elimu. Kuta zake nene ni za mawe ya matumbawe. Madarasa yameuzunguka ua ulio wazi, na mbele yake pana ukumbi wenye matao, hivi kwamba jua haliligusi dirisha la darasa hata mara moja. Juu ya matao zimechongwa aya za Qur'ani katika jasi. Tulikaa pale muda mrefu kuliko tulivyopanga. Mtu aliyejenga skuli ile hakuwa na shahada ya uhandisi wala kanuni iliyoandikwa. Alijua tu kwamba mtoto anayetokwa na jasho hahifadhi.

Na sasa tuseme kwa nini tulikwenda na swali hilo.

Skuli wanayosoma watoto wetu, ambayo hatutaitaja, ina madarasa yaliyojengwa kwa pesa za umma. Ni vyumba vya matofali ya simiti, paa la mabati, bila silingi, na madirisha yake makubwa yametazama magharibi. Kuanzia saa saba mchana jua huingia hadi ubaoni. Mwezi wa Februari mwaka juzi binti mmoja wa gredi ya 6 alizimia akiwa amesimama kujibu swali, naye alikuwa amekunywa chai asubuhi na hana ugonjwa wowote. Walimu wana utu: huwatoa watoto wakawasomeshea chini ya mwarobaini, lakini mwarobaini ni mmoja na madarasa ni tisa. Masika ikija, mvua juu ya mabati hupiga kelele hata mwalimu huweka chaki chini akangoja. Tulipopeleka barua ya malalamiko katika ofisi moja ya serikali, tuliipokelewa katika jengo la vioo vitupu ambamo karani alikuwa amevaa koti kwa baridi ya kiyoyozi. Umeme ukakatika tukiwa kwenye foleni. Ndani ya robo saa, makarani na wananchi sote tulikuwa tumesimama nje, chini ya kivuli cha ukuta, tukijipepea kwa mafaili.

Ndiyo maana tulitaka pia kufika Abu Dhabi. Huko mwaka 2010 walitoa kanuni iitwayo Estidama, neno la Kiarabu lenye maana ya kudumu, kitu kisichokwisha kesho. Majengo hupimwa kwa lulu, kuanzia moja hadi tano, kwa kuikumbuka kazi ya kuzamia lulu iliyowalisha watu wa Ghuba kabla ya mafuta. Kila jengo jipya ni lazima lipate lulu 1. Lakini jengo linalogharimiwa na serikali, iwe ofisi au skuli, halikubaliwi kwa chini ya lulu 2. Dubai nayo, ilipotoa kanuni zake za majengo ya kijani mwaka 2011, ilianza na majengo ya serikali. Watu binafsi wakafuata mwaka 2014. Baadaye Dubai ikaweka mfumo wake wa daraja, ikauita Al Sa'fat, yaani makuti ya mtende, yale yale tuliyoyaona juu ya boriti zetu.

Mpango huo wa mwenye amri kutangulia kujifunga mwenyewe ulitugusa kuliko majengo yenyewe. Pesa ya umma ni amana, na mwenye kushika amana hujengewa kanuni kali kuliko mwenye kutumia chake. Kwetu mara nyingi tumeona kinyume: mtu akijenga nyumba yake huipangia upepo, akijenga darasa la serikali huangalia tu tarehe ya kukabidhi.

Lulu haitolewi kwa kupaka ukuta rangi ya kijani. Wakaguzi hutazama mchoro kabla ya msingi kuchimbwa, kisha hurudi kulitazama jengo. Wanauliza: dirisha limekingwa na jua? Hewa ya chumba ni safi? Rangi na gundi zilizotumika hazitoi sumu? Mbao na mawe yametoka wapi? Umeme utatumika kiasi gani? Na maji, ambayo kanuni yenyewe imeyaita ya thamani, yatatumika kwa kipimo gani katika mabomba, vyooni na bustanini? Hilo la maji lilitupendeza. Muislamu aliyefunzwa kutofanya israfu hata akitawadha hahitaji kushawishiwa.

Hata hivyo tusidanganyane. Tuliyaona pia yasiyopendeza. Minara ya vioo bado imejaa kila upande, na viyoyozi haviziziki mchana wala usiku. Maji mengi ya huko ni ya bahari yaliyotolewa chumvi kwa nishati nyingi. Mji wa Masdar, uliotangazwa mwaka 2006 kuwa wa mfano duniani, ulipangwa kukamilika mwaka 2016, na tarehe ikasogezwa mbele sana. Tulitembea katika vijia vyake vyembamba, tukasimama chini ya barjili lao jipya lenye urefu wa mita 45, la chuma. Lilikuwa zuri. Lakini mmoja wetu akasema kwa sauti ya chini kwamba lile la Bastakia, la mawe, lilipepea buibui vizuri zaidi, na hatukubishana naye. Minara miwili ya Al Bahr, iliyokamilika mwaka 2012, imevishwa mashrabia za kisasa zaidi ya 1,000 kwa kila mnara, zinazofunguka na kujifunga zenyewe kwa kulifuata jua. Kijana wetu alipiga picha nyingi. Sisi tulikumbuka shubaka za mbao za Mji wa Kale, ambazo hufungwa na mkono wa mama na hazitaki umeme.

Wala kanuni ya Abu Dhabi haiwezi kubebwa kama shanta ikashushwa bandarini Kilindini. Jangwa lina joto kavu. Ukuta mnene huko hulinyonya jua la mchana pole pole na kulipoza usiku. Sisi tuna joto lenye unyevu, na dawa yake ya kwanza ni upepo upitao mwilini. Upepo huo tunao bure: kusi kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi. Darasa la pwani latakiwa kuwa na madirisha pande mbili zinazokabiliana, ili upepo uingie huku utoke kule. Kuta zake ndefu zitazame kaskazini na kusini, kwa kuwa sisi tu karibu na ikweta na jua linalochoma ni la mashariki asubuhi na la magharibi alasiri. Paa litoke nje ya ukuta lifanye baraza. Chini ya mabati pawe na silingi, na kati yake matundu ya kutokea hewa ya moto. Mambo haya hayataki mafuta ya petroli chini ya ardhi. Yanataka mchoraji aliyewahi kuketi ndani ya darasa mwezi wa Februari.

Na maji yapo juu ya paa lenyewe. Darasa la mita 8 kwa 7 lina paa la mita mraba 56. Kila milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mombasa hupata karibu milimita 1,000 kwa mwaka. Hata theluthi moja ikipotea, darasa moja huvuna lita zaidi ya 37,000, nayo madarasa ni tisa. Leo maji hayo hutiririka hadi barabarani, na mabinti wetu wakubwa hurudi nyumbani siku fulani za mwezi kwa sababu vyoo havina maji.

Wala tusiseme pwani yetu haikuwahi kujua. Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ambayo wazee waliiita MIOME na leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951, na majengo yake ya mwanzo yana matao. Pitia Tudor mchana ukayatazame.

Tuliporudi, tulikuta skuli yetu imepewa pesa za madarasa mawili mapya. Kontrakta alikwisha kupiga vigingi na kufunga uzi. Tukaenda na dira ya simu: madirisha yatatazama magharibi. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. "Mama zangu," alisema, "mimi nimeletewa ramani, na ramani hii ni moja nchi nzima." Tukamwuliza iwapo mwanzilishi wa ramani hiyo anaijua Mombasa. Akatazama chini. Kisha akatwambia jambo ambalo hatukulitarajia: kwamba kuzigeuza nyuzi robo duara, kabla msingi haujachimbwa, hakuongezi gharama hata shilingi moja, ila yeye hana idhini. Silingi na mapipa ya maji ni gharama, lakini kugeuza ni bure.

Kenya imepata kanuni mpya ya ujenzi, iliyoanza kutumika Machi 2025 badala ya ile ya mwaka 1968. Tumeinunulia karatasi, tumeichapisha kurasa zinazohusu hewa na mwanga, na tumezigawana tuzisome. Kamati ya wazazi itakutana na mhandisi Jumamosi, baada ya swala ya Alasiri, palepale kiwanjani. Tumekubaliana tusipange viti kivulini. Viti vitapangwa mahali ambapo watoto wa gredi ya 6 watakuwa wameketi, kwa saa ileile.