Bastola ya Houston, Muhuri wa Mapinga

Ndugu zangu wa Bagamoyo kila wakinipigia simu huniuliza kama huku Houston watu wanalala. Wameona kwenye taarifa ya habari mtu kaingia dukani na bunduki. Hofu yao ina msingi. Texas, tangu Septemba 2021, mtu wa miaka 21 asiyezuiwa na sheria hubeba bastola bila kibali, wakati kwetu Sheria ya Silaha na Risasi ya 2015 inadai leseni. Ugomvi wa maegesho ambao Magomeni ungeishia kwenye matusi na majirani kuamulia, hapa unaweza kumalizikia mochwari. Na risasi hazigawanyiki sawa: zinaandama mitaa ile ambayo tangu miaka ya 1930 mabenki yalikataa kuikopesha kwa kuwa wakazi wake ni Weusi. Hata hivyo, mwaka hadi mwaka hesabu za FBI zinaonyesha wizi wa mali kuuzidi kwa mbali uhalifu wa mabavu.

Kinachoniuma ni namna tunavyouhesabu uhalifu kwetu. Kibaka aliyekwapua simu tunamkimbiza na kumpiga, wakati mwingine hadi kufa, na huo ni uuaji. Mvuvi wa baruti, anayefanya kazi iliyopigwa marufuku tangu 1970, anaua matumbawe na mazalia ya samaki, kisha tunanunua samaki wake aliyevunjika uti wa mgongo kwa vile ni rahisi. Na aliyeuza kiwanja kimoja kwa watu watatu tunakaa naye barazani.

Hapo kwenye viwanja ndipo penye kilio chetu tulio nje. Mpango wa bandari ya Mbegani, Bagamoyo, uliposainiwa 2013, kila mtu alitaka ardhi ya Zinga, Kerege na Mapinga, nasi tukatuma hela bila kuuona mpaka. Shemeji yangu alinunua Mapinga kwa hati ya mauziano yenye mashahidi na muhuri. Alipokwenda likizo alikuta msingi umeshapanda, na mwenye msingi ana karatasi kama yake, muhuri uleule. Alipopeleka malalamiko aliambiwa ni mgogoro wa ardhi, aende baraza la ardhi. Muuzaji hakuulizwa kitu, ingawa kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni jinai. Siku hizi ukipita huko unasoma kwenye kuta, kwa rangi nyekundu: KIWANJA HIKI HAKIUZWI.

Matapeli wa ardhi wapo Marekani pia. Ila hapa Houston, katika kaunti ya Harris, yeyote hufungua kompyuta akaona nyumba imetoka kwa nani kwenda kwa nani, na kampuni za bima ya hati humlipa mteja wao hati ikibainika ina kasoro.

Kwa hiyo unayetaka kununua Mapinga, mtume mtu ofisi ya ardhi akaombe upekuzi. Kama eneo halijapimwa, usilipe mpaka majirani wa pande zote nne wasimame mpakani, mchana, mbele ya mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa. Ukitapeliwa, fungua kesi ya jinai polisi, hata kama muuzaji ni mjomba wako.