Staa Akataka Seva Mpya, Dogo wa Kerenge Akabadili Namba Moja Tu

Haya wadau, ubuyu wa leo hauna mapenzi ndani yake, ila kuna mtu kanusurika kufukuzwa kazi.

Staa mmoja wa Bongo Fleva (jina kapuni) aliachia wimbo kwenye tovuti yake saa mbili usiku. Dakika kumi nyingi, tovuti ikagoma. Mashabiki wakaja juu, meneja naye akamgeukia dogo anayetunza seva: "Umenunuliwa wewe!" Dogo mwenyewe alikuwa kwao Kerenge, Korogwe, kwenye arobaini ya babu yake. Ikabidi atoke nje na laptop kutafuta mtandao.

Meneja anataka seva kubwa zaidi, hela ndefu. Dogo akamjibu, "Subiri kwanza, bro." Alishaona memori haijafika hata nusu na prosesa imepoa kabisa. Sasa inagoma nini?

Iko hivi. Kwenye Linux, kila mgeni anayeunganishwa anahesabiwa kama faili lililo wazi, na mara nyingi programu moja inaruhusiwa mafaili 1024 tu. Kama programu ya mbele inampokea mgeni halafu inampeleka kwa programu ya nyuma, mgeni mmoja anakula nafasi mbili. Wakifika kama 500 hivi, mlango umefungwa. Kwa staa, 500 si ni mashabiki wa mtaa mmoja?

Dogo akaandika 65535 kwenye /etc/security/limits.conf, akawasha upya huduma. Wapi! Faili hilo linawahusu watu wanaoingia kwenye seva. Huduma inayowashwa na systemd hailifuati. Hapo wengi wanachemka. Akaenda kwenye faili la huduma yenyewe, akaongeza LimitNOFILE=65535, akapiga systemctl daemon-reload, akaiwasha tena, kisha akachungulia /proc kuona kama namba imekubali. Imekubali. Wimbo ukafunguka.

Ila msikurupuke kuweka minamba mikubwa kila sehemu. Programu yenye tabia ya kufungua mafaili bila kuyafunga itajaza hata hiyo 65535, itachelewa tu.

Asubuhi staa akashukuru Insta, akawatagi meneja, mpiga picha, mpaka fundi wa nguo. Dogo hakutajwa. Kutukanwa katukanwa, pole ya babu hakupewa, na Jumatatu anatakiwa ofisini. Ungekuwa wewe ungerudi? Shusha maoni hapo chini.