Mfarishi na Mikono Iliyoushona

Mgeni anayeingia wilaya ya Lancaster, jimboni Pennsylvania nchini Marekani, hukutana kwanza na magari ya farasi barabarani na nguo zilizoanikwa kwenye kamba ndefu. Ndiko wanakoishi Waamishi, Wakristo wenye asili ya Uswisi na Ujerumani. Nyumba zao hazikuunganishwa na nyaya za umeme wa serikali wala wa kampuni, na wanawake wao huvaa mavazi ya rangi moja, vichwa vimefunikwa; jambo ambalo halitamshangaza msomaji wetu.

Uzuri wenyewe umo ndani. Katika karne ya 19, wasichana wa jamii hizo za Kijerumani, Wamenoni kwa wingi na Waamishi pia, walidarizi taulo refu la kitani: nyota, ndege na maua ya tulipu, kwa uzi mwekundu na wa buluu. Halikuwa la kupangusia mikono. Lilitundikwa mlangoni, na mshonaji aghalabu alitia jina lake na mwaka.

Mfarishi walijifunza baadaye kwa majirani. Ni matabaka matatu: kitambaa cha juu kilichoungwa vipande kwa cherehani ya miguu, pamba katikati, na kitambaa cha chini. Hutandazwa kwenye fremu, wanawake wakaketi kuizunguka, wakashona kwa mkono. Mifarishi ya kale ya Lancaster ni ya sufi ya rangi nzito zisizo na maua. Lakini ukisogea karibu utaona mishono midogo imechora manyoya na mashada.

Mwaka 1971 jumba la sanaa la Whitney, New York, lilitundika mifarishi ukutani kama michoro, ya Waamishi ikiwamo. Wakusanyaji wakaanza kubisha hodi mashambani, na mifarishi ya mabibi ikatoka makabatini. Maduka yakaongezeka, mikono ikapungua. Wakaitwa wanawake wa Kihmong, wakimbizi kutoka Laos waliokuja na ufundi wao wa kudarizi. Mingi iliyouzwa kwa watalii kuwa ya Waamishi ilipita mikononi mwao, bila kutajwa. Kazi yao haikuwa na dosari. Dosari ilikuwa katika ukimya wa muuzaji.

Anayenunua leo na aulize mawili: nani aliunga vipande, na nani alishona juu yake. Mara nyingi si mtu mmoja.