Kina Mama wa Mwalo Walivyonipokea

Kwa miaka mingi nilifanya biashara ya dagaa pale Igombe, mwalo wa Ziwa Victoria hapa Mwanza, nikiamini kwamba mwanamke anayejua kuhesabu hela yake hahitaji kikundi. Vikundi niliviona ni vya wasiojiweza. Nilikuwa na mtaji wangu, na nilikuwa na mteja wangu Kirumba, kwenye soko la Mwaloni ambako dagaa hupakiwa malori kwenda mikoani na hadi Kongo. Nikaona inatosha.

Sikuona nilivyofungwa. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikitoka, kazi husimama. Mitumbwi ikirudi alfajiri, mwenye mtumbwi ndiye aliyekuwa akipanga bei ya ndoo na kuchagua nani apimiwe kwanza. Sisi kina mama tulisimama majini, kila mmoja akibembeleza kivyake. Wapo walioombwa zaidi ya hela. Nilijua, na nilinyamaza, kwa sababu ndoo yangu ilikuwa imeshajaa.

Mikutano ya BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi pale mwaloni kwetu, sikuhudhuria. Nilidhani ni ya wanaume wenye nyavu.

Masika moja nilikopa kwa mtu wa riba, nikanunua mzigo mkubwa, nikaanika mchangani kama tulivyozoea. Mvua ikashuka. Dagaa walioloa mchangani hawafai tena kuliwa na watu: wanabadilika rangi, wananuka, wanajaa mchanga, na mnunuzi anawachukua kwa bei ya chakula cha kuku. Mwenye hela yake akanifuata nyumbani, akanidai mbele ya watoto.

Aliyekuja kunitazama alikuwa katibu wa kikundi cha kina mama wa mwalo wetu, kile nilichokuwa nikikisema vibaya. Alijua nilivyowasema. Hakuligusa hilo. Alisema tu, "Dada, kwenye vichanja vyetu kuna nafasi. Lete kilichobaki."

Kichanja ni meza ya miti iliyotandikwa wavu, imeinuka usawa wa kiuno. Hewa inapita juu na chini, dagaa wanakauka upesi na safi, na wingu likitanda mnafunika turubai. Nafasi ile waliihitaji wenyewe. Baadaye wakakubaliana nikopeshwe mtaji kabla sijanunua hata hisa moja. Sikustahili. Namshukuru Mungu, nawashukuru na wao, na mpaka leo nikikumbuka nakosa la kusema.

Nikajiunga, nikakuta wenzangu wako mbali kuliko nilivyodhani. Walikuwa wakifuatilia kazi ya EMEDO, shirika la hapahapa Mwanza, na ya TAWFA, chama cha wanawake wa uvuvi Tanzania kilichozinduliwa mwaka 2019, kinachowakutanisha wanawake wa maziwa na wa bahari. Nilipokaa na mama wa pwani nikamsikia akieleza alfajiri yake kwenye diko, yaani mwalo wa kwao, nilidhani anaieleza yangu.

Tukaomba mkopo wa halmashauri usio na riba, unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ombi letu lilikuwa halijajibiwa mikopo hiyo iliposimamishwa Aprili 2023 ili utaratibu urekebishwe. Ilirudi mwaka 2024. Katikati hapo baadhi yetu walikata tamaa wakaondoka, na siwalaumu. Tuliobaki tuliungana na kina mama wa Kayenze: mzigo mmoja, lori moja, bei moja mbele ya mnunuzi. Nadhani kungoja kule ndiko kulikotufundisha ushirika kuliko semina yoyote.

Kisha wenzangu wakaniambia nigombee kamati ya BMU. Miongozo ya ziwa hili inataka wanawake wawemo, lakini kuwemo na kusema ni vitu viwili. Mkutano wa kwanza sikufungua mdomo. Nilipofungua, niliomba jambo moja: wanunuzi wapimiwe kwa foleni, palipo na mwanga, mbele ya watu. Wenye mitumbwi walibisha sana. Katibu wetu alikuwa amekuja na kina mama wengine, wakakaa nyuma hadi likapita. Siku nyingine foleni bado inavunjwa, tunaisimamisha tena.

Huenda wewe dada unayesoma uko Kome au Musoma, una mtaji wako na huoni haja ya mtu. Sikushangai. Kwetu kichanja kimoja hatumgawii mwanachama. Ni cha mama atakayekuja na mzigo ulioloa, na haulizwi hisa.

Sasa tunaweka akiba ya mtumbwi. Kina mama wa Nduru, kule Kisumu nchini Kenya, walipata mitumbwi yao ili wasiwe chini ya mvuvi. Wetu bado hatujaupata, na hela ya injini ni nyingi kuliko ya mbao. Tumeshaanza kuongea na kina mama wa Ukerewe tununue pamoja.